Mkorosho Nyuma ya Fleti

Mama,

Mzee Issa amesema mkataba wa fleti hautaongezwa mpaka suala la mkorosho wako liishe. Amelisema mwenyewe jana, kwenye kibaraza cha jengo lake hapa Newala, baada ya kuitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu na kuniuliza habari za Masasi. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeupanda.

Miaka ishirini ambayo Baba aliilipia kwa mafao yake ya kustaafu inakwisha mwezi huu. Nilikuja nikidhani kazi ni kupatana pango jipya na kusaini. Pango tulipatana kabla chai haijapoa. Kisha akaweka kikombe chini. "Somoe mwanangu, wewe ni wa huku huku, usijifanye wa Dar. Mpangaji akilima mchicha, sisemi. Akilima mihogo, sisemi. Mti wa kudumu anapanda mwenye ardhi. Nikifa mimi, watoto wako watawaonyesha wajukuu wangu ule mkorosho na kusema hapa ni kwetu."

Nilitaka kumwambia kwamba mkataba upo, na mkorosho haujui kusoma. Lakini kesi za mashamba nimeziandika nyingi kazini, na kila mara baraza la kata huanza kwa kuuliza nani alipanda mti.

Na wewe ulijua. Hilo ndilo linaloniuma. Ulizaliwa Mnyambe, ukakulia kwenye mikorosho ya ukoo wenu. Mgeni akiomba shamba la kulima msimu mmoja, bibi alimwambia kabla hajashika jembe: usipande mti. Halafu ukachukua mbegu huko huko, ukaja kuifukia nyuma ya jiko la nyumba ya mtu, ukainywesha maji ya kuoshea vyombo miaka ile ambayo dumu moja la maji tulikuwa tunaligombania. Nilidhani unatafuta kivuli. Mti ulipozaa, ukawa unakaanga korosho na kunituma nipeleke sahani juu kwake, na huku dirisha lake likiwa wazi unapaza sauti: "Mpelekee mwenye kuta. Yeye ana kuta, mimi nina kivuli." Mlikuwa mnacheka wote wawili. Jana amenirudishia maneno hayo bila kukosea hata moja. Kumbe alikuwa anayaweka, Mama. Korosho alikula, maneno akayaweka.

Tangu tukuzike, macho ya Baba yamekwisha karibu yote. Ndani ya fleti bado ni mtu kamili: anapapasa ukuta kutoka kitandani hadi jikoni, anahesabu milango kwa kiganja, anatoka uani peke yake, anakaa chini ya mkorosho. Nilimwomba aje kwangu Masasi. Akaniuliza, "Huko kwako mlango nitaujuaje?" Nje ya kuta hizi atakuwa mzigo wa kushikwa mkono, na analijua hilo kuliko mimi.

Mzee Issa ametoa njia mbili. Mti ukatwe. Au ubaki, ila Baba aseme mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba uliupanda kwa kuagizwa, ukiwa kibarua wa mwenye nyumba, kisha fleti ni yetu miaka mingine ishirini.

Nilimfikishia Baba zote mbili kama nilivyozipokea, bila kuongeza langu. Alikuwa amekaa palepale, ganda la korosho la msimu uliopita likizunguka vidoleni mwake. Hakuchukua muda. "Mama Somoe hakuwahi kuwa kibarua wa mtu. Ukatwe. Ukikatwa, unakatwa ukiwa wake." Kisha akaomba chai.

Kwa hiyo atabaki na kuta, Mama, na uani atakaa juani. Nimemkasirikia Mzee Issa. Nimekukasirikia na wewe, kwa utani uliouacha mdomoni mwa mtu mwingine, ukaondoka, sisi tukabaki kuulipia.

Nilipompelekea jibu, Mzee Issa aliuliza kuni zitakuwa za nani. Nikamwambia ni zetu. Tutazichoma zote kwenye jiko lako, kijiti kwa kijiti, na afunge madirisha akitaka.

Nimeokota mbegu zilizokuwa zimefichwa na majani. Mvua za kwanza zikinyesha nitazipanda Mnyambe, kwenye shamba la mama yako, ambako mimi ni wa ukoo kwa sababu yako wewe na hakuna wa kuniuliza. Hiyo ni ahadi. Nyuma ya fleti sitapanda kitu, hata huo mchicha.

Pumzika, Mama. Sina maneno matamu leo.

Jumatatu Baba ataweka dole gumba kwenye mkataba mpya; nitamwelekeza mkono hadi kwenye karatasi. Kabla ya hapo, Jumamosi saa mbili asubuhi, mwenye msumeno anakuja. Baba ameshasema atatoa kiti chake nje, akae asikilize mpaka uanguke. Nitakaa naye.

Somoe