Daftari la Mlangoni kwa Fundi

Nakuomba, wewe unayesoma: haya yaishie hapa. Usiyatume kwenye kundi lolote, usimsimulie mtu hata kwa kusema "kuna dada mmoja." Majina nimebadilisha, lakini Tunduma ni ndogo. Mtu akitajiwa nusu, nusu nyingine anaimalizia mwenyewe.

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ile ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Sijafanya kazi yoyote nzito, lakini nimechoka kama niliyechuma kahawa ya mama kule Hasamba, shamba zima, peke yangu.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani. Kwa muda sasa bosi wangu ananiita chumbani kwake na kufunga mlango. Alhamisi alinishika. Nilijinasua, nikatoka na faili langu mkononi, nikaendelea kupanga hati za malori.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kwamba niliendelea kupanga hati.

Jana mchana nilikwenda kwa Mama Tumaini, fundi cherehani. Nyuma ya duka lake kuna chumba ambamo wanawake waliopigwa au kusumbuliwa huja kukaa na kusikilizwa, na wakitaka, husindikizwa polisi, kwenye dawati la jinsia. Kwa nje utadhani ni darasa la kushona.

Mlangoni kuna daftari na kalamu iliyofungwa uzi. Jina, anakotoka, simu, sababu ya kuja. Mkono wangu ukajaza wenyewe, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Majina yangu matatu. Ofisi yangu. Kwenye sababu nikaandika kwamba ninamwogopa bosi wangu, na jina lake nikaliweka kamili. Nikasaini. Muhuri ungekuwa karibu, ningegonga.

Ndani nililia, nikanywa chai, nikasikilizwa. Nilikuwa nimesharudi mezani kwangu ndipo nikakumbuka: daftari lile ni la wateja wote wa duka. Juu ya jina langu kulikuwa na mtu aliyeandika "kupunguza sketi." Sare za kwaya ya kanisani kwetu zinashonwa palepale, na mke wa bosi ni mwanakwaya.

Leo nilifika kabla duka halijafunguliwa. Mama Tumaini aliponiona, alicheka kwanza.

"Karani wewe! Wenzako wanaokuja kule nyuma wanaandika 'zipu.' Wewe umeniletea barua ya serikali."

Nikamwomba auchane ule ukurasa. Akaacha kucheka.

"Nimeshauchana, mwanangu. Lakini nilichelewa. Mke wake alikuja jana jioni kuchukua sare."

Akanikalisha kwenye kiti cha cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo la vifungo, akanipa. Chini ya mstari wangu kulikuwa na mstari mwingine, wenye herufi za kutetemeka. Jina la mke wa bosi. Na kwenye sababu ya kuja, maneno matatu.

Kama hapo juu.

"Alikaa kule nyuma mpaka nikafunga," Mama Tumaini akasema. "Sare yenyewe ameisahau."

Jumatatu tutakwenda polisi, sisi watatu. Mke wa bosi ndiye aliyechagua siku. Mimi bado naogopa. Naogopa kupoteza kazi, naogopa mama atakaposikia, naogopa kila gari linalopunguza mwendo nje ya dirisha langu. Miguu itanifikisha kweli? Sijui. Najua tu kwamba yeye analala nyumba moja na mtu huyo, na bado alishika kalamu.

Kama nawe una jambo na unataka kunipata, usipige simu ofisini, wala usiniulizie kanisani. Andika neno moja tu kwenye maoni hapo chini: zipu. Anwani yako ya barua pepe naiona mimi peke yangu, nitakutafuta.

Jina usiandike. Sababu usiandike. Utanieleza tukishakaa.