Joto la Chini ya Ziwa

Furaha mjukuu wangu, hapa Mushaki tupo, ila bibi yako hatoki tena kitandani.

Unauliza kwa nini vipimo viwili katika daftari langu la Ziwa Kivu vinapingana. Wengi hudhani kipimajoto kikivutwa juu huleta joto la kilindini. La, hupoa njiani katika maji ya baridi. Kwa hiyo tulituma kwanza uzito kwenye waya, ukipindue kulekule chini, zebaki ikatike na kubaki na joto la huko. Siku moja nilisahau kutuma uzito. Changu kikaonyesha baridi, cha mwenzangu Josefu joto.

“Unadanganya, Josefu,” mzungu msimamizi wetu akasema. “Chini iko baridi.”

“Kaka, sema basi!” Josefu akaniambia.

Nikainama kukunja waya. Josefu akafukuzwa. Jumanne tumemzika kijijini Kirolirwe, nami sikuwa nimesema kosa lilikuwa langu.

Kata namba yangu daftarini leo, ubakize ya Josefu.