Aliyeonja Ndagala kwa Ajili Yangu

Kalemie, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Kwanza magoti yako. Yanaendeleaje na baridi ya Kirungu? Na lile koti la sufu nililokushonea, unalivaa, au umelifungia sandukuni ukingoja wageni? Nakujua. Livae, Mama, koti halikushonwa kwa ajili ya sanduku. Sisi huku ni wazima, ila joto linatunyanyasa, na huyu aliye tumboni anaanza kucheza kila ninapokaa kwenye masini ya kushona, sijui anadhani ni ngoma. Faustin anakusalimia sana. Na wewe Veronika, mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, soma polepole, usiruke mahali, na usiongeze ya kwako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa kwenu unakatika kila mara, na habari hii haitaki kukatwa. Papa Lukasi muuza maharage anapanda boti ya Moba kesho, ndiye nitakayempa barua.

Mama, nimepewa mafiga yangu. Sasa nina moto wangu mwenyewe katika uwanja wa mama mkwe. Lakini ngoja kwanza kupiga vigelegele, kwa sababu siku hiyo karibu nirudishwe kwenu, na sababu ilikuwa ndagala, visamaki vile vya ziwani.

Unanijua na ndagala. Tangu utoto nilikuwa nakaa karibu na marehemu Papa ili nimsogezee zangu, naye alikuwa anazila na vichwa vyake na kusema, "Domitila ananipenda kuliko wote." Nilidhani nikikua nitazizoea. Halafu nikaolewa Kalemie! Huku, Mama, ndagala ni kama kusema shikamoo. Zikianikwa mchangani watu wanapita wakivuta hewa kwa furaha, na mimi napita nikipumulia mdomo. Wenzangu wa kazini wanabeba ndagala za kukaanga kwenye mfuko wa nguo na kutafuna kama karanga, huku wanakata kitenge cha mteja. Nikisema sipendi, kila mmoja anafikiri dawa anayo yeye. "Haujakula zenye kutoka ziwani leo leo." "Haujakula za kutia ndimu." "Haujakula za mama yangu." Nimezila zote hizo, Mama. Nimezila na majani ya sombe, nimezila na nyanya na mawese, nimefumba macho. Mimi nikifumba macho, zenyewe hazifumbi.

Wala sisemi ni mbaya. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga. Ni mlango wa furaha ambao kila mtu anapita, mimi najigonga kichwa pale pale kila siku.

Sasa sikiliza desturi ya watu hawa, maana ukoo wa Faustin unatoka Mpala na wanaishika. Bibi-arusi anapika kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku ya mafiga. Siku hiyo anapika peke yake, ukoo unakusanyika, na kabla ya yeyote kunawa mikono, yeye anakula tonge la kwanza mbele yao wote, waone kwamba katika sufuria hakuna kitu kibaya. Akishindwa, labda ni mgonjwa, ni mama yake mzazi tu anayeruhusiwa kuonja kwa ajili yake. Mama huyo anatandikiwa mkeka wake pembeni ya binti. Na chakula cha siku hiyo ni ndagala. Nilimuuliza Faustin kama kuku hawezi kufaa, akaniangalia kana kwamba nimemwomba tuhamishe ziwa.

Tayari wifi yangu Anjelani alikuwa amenishika. Siku moja nilimsikia nyuma ya jikoni akimwambia mama yake, "Mama, muangalie bibi ya Faustin. Anatupikiaka ndagala, yeye hakule. Muntu anaogopa chakula yake mwenyewe?" Unajua maneno kama hayo yanavyotembea, Mama. Leo ni swali, kesho mtu akiumwa tumbo mtaani wanakutazama wewe. Mama Faustin aliendelea kuchambua mchele.

Faustin, maskini, alinitafutia njia. "Sema njo muziro ya kwenu," akaniambia. "Muntu akisema ukoo yake ina muziro na kitu, hakuna mwenye ataongeza neno." Na kweli, mwiko wa ukoo unaheshimiwa. Angetokea mtu wa kunitetea na kunipikia kitu kingine. Lakini nilifikiri, kwetu mtoto anafuata ukoo wa mama. Nikiutunga mwiko huo, naubandika kwako, na kwa Veronika, na kwa huyu anayenipiga mateke. Mtoto atazaliwa Kalemie, wenzake watakula ndagala mlangoni, yeye atakatazwa maisha yote kwa sababu mama yake aliona haya kusema "sipendi". Na Papa aliyekuwa anazila na vichwa ndani ya nyumba yako, je? Nilikataa. Lakini sikuwa na neno lingine la kuweka mahali pale, na siku ilikuwa inakuja.

Ilikuwa jana, baada ya misa. Nilipika tangu tulipotoka kanisani. Nilizichagua, nikatoa mchanga, nikakaanga kwa mawese na vitunguu na pilipili, bukari ya mihogo nikaisonga mpaka mikono ikauma. Watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanasimama kunusa. Ukoo ukakaa. Baba mkubwa wa Faustin, Papa Kristofa, alikuja kutoka Mpala, ndiye aliyekuwa mkubwa wa siku. Mkeka wako ulitandikwa pembeni yangu, Mama, mpya, wa rangi nyekundu, nao ukabaki mtupu kwa sababu magoti yako hayawezi mlima ule na boti ile. Niliutazama huo kuliko nilivyotazama watu.

"Binti," Papa Kristofa akasema, "tunakungojea. Onja."

Nilikata tonge, nikachovya, nikainua. Ndagala mmoja alikuwa juu yake ananitazama. Mama, ningemeza, nakuapia, nilikuwa nimekusudia kummeza. Lakini mtoto aligeuka tumboni, nikajua litatoka mbele ya wote, nikarudisha tonge kwenye sahani. Faustin alikuwa ananikazia macho, naona midomo yake inasema, muziro, muziro.

"Papa," nikasema, "sina muziro. Na katika sufuria hakuna kitu kibaya. Mimi ndagala sipendi tu."

"Haupende ndagala?" Hakukasirika hata, alishangaa kwa kweli. "Kuko muntu mwenye hapende ndagala?"

"Mimi, Papa."

Anjelani akafyonya. Papa Kristofa akatikisa kichwa polepole. "Mutoto, mimi sikutukane. Lakini muntu mwenye kupikia watu kitu yenye yeye hakule, tutamuamini namna gani? Leo hatukule hapa." Akashika fimbo yake ili asimame, na wengine wakaanza kukusanya vitenge vyao. Nilijua wakitoka kwenye uwanja ule bila kula, hakuna mtu wa ukoo huo atakayekula tena kutoka mkono wangu. Nilianza kulia, sikuficha.

Ndipo Mama Faustin alipoinuka kwenye kiti chake cha wakubwa. Unajua nyonga yake inavyomsumbua. Akavuka uwanja akijishika kiuno, akafika mpaka kwangu, akajishusha taratibu juu ya mkeka mwekundu.

"Mama Faustin," Papa Kristofa akasema, "hapo si fasi yako. Ni fasi ya mama yake."

"Njo maana nimeikala hapa," akajibu.

Akanawa. Akachukua tonge lile lile nililolirudisha, akaongeza ndagala wawili juu, akala. Akatafuna bila haraka, wote wakimwangalia shingo. Akameza. Akachukua la pili. "Chumvi iko muzuri," akasema. "Mwenye anataka kwenda, aende. Sisi tutamaliza."

Papa Kristofa alikuwa ameshasimama na fimbo yake. Halafu akacheka, akaketi, akaomba maji ya kunawa. Na nani alikula nyingi kuliko wote? Anjelani. Aliniletea sahani yake mara ya pili akitazama pembeni, nikamjazia.

Mama, usinionee wivu. Sikukubadilisha. Lakini nilipomwona kwenye mkeka wako nilihisi umefika.

Wageni walipotoka tulibaki wawili tukisugua masufuria. Nikamuuliza kwa nini hakunichukia. Akasema, "Nilikuwa naona sahani yako tangu siku ya kwanza. Muntu mwenye kusogeza chakula pembeni, namujua. Mimi pia niko muntu wa kusogeza." Halafu akatazama kama Anjelani yuko karibu, akanong'ona, "Mama yako ananitumiaka maharagi."

Nikasema, ndiyo, kila mavuno, anayachagua punje kwa punje.

"Mungu amubariki. Maharagi haiingie kwangu. Tangu utoto. Nikiitafuna inakuwa mingi mu kinywa. Nikisema, watu wananijibu, 'Haujakula ya Kirungu.' Sasa nimekula ya Kirungu!"

Veronika, hapa usicheke kwanza, mwangalie Mama. Mama, najua maharage yako, najua shamba lile la mteremkoni na mgongo wako. Sisi wote tulikuzwa na maharage hayo. Shukrani anazokutumia ni za moyo wake wa kweli, ila mlaji alikuwa Anjelani. Tulicheka mpaka nikakaa chini. Safari hii mtumie viazi, anavipenda sana. Maharage nitumie mimi, kwa sababu leo asubuhi kitu cha kwanza nilichoinjika kwenye mafiga yangu ni hayo ya mwisho uliyonitumia, nikayala pale pale kwenye sufuria, peke yangu, kwa mwiko.

Nisalimie Bibi, mwambie tumbaku yake anayo Papa Lukasi. Nisalimie shangazi pamoja na mbuzi wake wakorofi, na katekista aliyenifundisha kuandika, asihesabu makosa. Veronika, kitenge chako kimo ndani ya mfuko ule ule, usiseme sikukumbuki.

Mtoto akizaliwa na akikaza shingo, tutapanda kuja kumwonyesha kwako, na Mama Faustin amesema atakuja, nyonga au si nyonga. Boti haimtishi. Kinachomtisha ni sahani ya shangazi, kwa sababu anajua mkwe akifika Kirungu atapikiwa nini, na atapakuliwa kiasi gani, na macho mangapi yatamtazama. Yeye mama yake alikwisha kufa zamani. Ameniomba nikuandikie neno hili moja kama alivyolisema: "Uambie mama yako, siku ile maharagi itafika mbele yangu, aikale karibu na mimi."

Ni mimi mtoto wako,
Domitila