Neno "The" Kwenye Kitambaa cha Mwalimu

CHAMA CHA WANAFUNZI WATU WAZIMA WA KIINGEREZA
Kikao cha nne, Jumamosi saa nane mchana, chumba cha nyuma cha maktaba.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi bomba), Mama Cherehani, Dereva wa teksi, Katibu (karani wa posta).
Asiyekuwepo: Mwalimu. Hakualikwa, kwa kuwa kikao kilimhusu.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba Mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi, na zawadi ya kumuaga iko tayari.

KUMB. NA. 4/2: KITAMBAA
Mama Cherehani alikunjua kitambaa alichokitarizi kwa wiki tatu. Alitumia uzi mnene ili Mwalimu asome kwa vidole: "To best teacher in our lives," yaani kwa mwalimu bora kuliko wote maishani mwetu. Wajumbe walikisifu. Dereva alisema kuna neno limesahaulika. Alikumbusha kwamba sifa inayopita zote, kama "best", hapo hutanguliwa na "the", kwa kuwa anayetajwa ni mmoja tu.

Mama Cherehani aliuliza kama Dereva amewahi kushika sindano. Dereva alijibu kwamba amewahi kushika daftari. Mwenyekiti aliomba wajumbe waheshimiane, akapendekeza kitambaa kiachwe kilivyo, Mwalimu ataelewa.

Mama Cherehani alisema, "Hapana. Miaka minne amenirekebisha kosa hilo hilo bila kunichoka. Siwezi kumuaga nalo."

Iliamuliwa "the" itariziwe juu ya mstari, pale pale kikaoni. Dereva alijitolea kukivuta kitambaa kisijikunje. Alichomwa sindano mara mbili. Katibu hakuweza kuthibitisha kama ni bahati mbaya.

KUMB. NA. 4/3: KUKABIDHI
Saa kumi wajumbe walifika kwa Mwalimu na kumwekea kitambaa mapajani. Alipapasa herufi moja moja. Baada ya "To" vidole vilisimama, vikapanda juu ya mstari, vikakaa hapo.

"Nani aliisahau?" aliuliza.

"Mimi, Mwalimu," alijibu Mama Cherehani.

"Na nani ameirudisha?"

Mama Cherehani alimtazama Dereva. "Mimi na kaka yangu huyu."

Mwalimu alisema basi anaweza kupumzika. Aliomba afunikwe kitambaa mabegani, na Dereva ndiye aliyemfunika.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGA
Kikao kiliishia mlangoni kwa Mwalimu saa kumi na moja na robo. Kilichelewa kwa sababu hakuna mjumbe aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................