Hodhi la Kulala kwa Bafu Letu

Baba Fathia,

Nimeenda Kakuma kwa dada yangu, nitarudi jioni. Chai iko kwa thamosi. Fundi Ekwam akifika, asivunje ukuta wa bafu. ~~Mwambie arudi kwao.~~ Hapana, apewe kazi ya maana: vigae visivyoteleza, mfereji wa chini, na kiti cha saruji cha mama yako kukalia akitawadha. Na pipa langu ulilotupa nje lirudi ndani.

Mchoro wako wa bafu jipya nimeupata asubuhi chini ya mto. Hita ya maji, bwana? Lodwar hii? Saa sita maji ya tangi letu yanaweza kuchemsha yai! Kwa nini unadhani huwa nateka alfajiri niyaweke kwa pipa yapoe? Halafu hodhi la kulala, kwa chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Siku zingine utaogelea vumbi? Umelala hoteli Nairobi usiku mmoja tu, umerudi waziri.

Ningecheka ninyamaze. Lakini mama yako aliiona karatasi, akauliza hilo sanduku refu ni la nini. Nikamwambia ni la kuogea, mtu analala ndani. Akasema, "Anayeogeshwa amelala ni maiti. Daktari amewaambia nini mkanificha?"

Yuko chumbani, hajanywa chai. Mpelekee, umjibu wewe.

Mama Fathia