Dohani Haitoi Moshi Tena

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini magoti yametulia kidogo, na kwamba dawa unazimeza, huzifichi chini ya godoro. Sisi huku ni wazima, na mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa nikiwa na miaka hamsini.

Dada, kaa vizuri kitini. Nimeacha sigara! Huu ni mwezi wa saba, sijagusa hata kipisi. Mimi, ambaye wateja wa kibanda changu cha kinyozi walinibatiza Dohani! Cheka tu, nakuruhusu. Wiki za mwanzo nilikuwa mkali kama pilipili. Nilimchanja mteja mmoja sikio, akasema afadhali nirudie moshi wangu. Sikurudia ng'o.

Sasa napanda kilima cha sokoni na kapu mkononi, bila kusimama kwenye nguzo ya umeme nikijifanya nasoma matangazo. Kikohozi cha alfajiri kimeniaga. Chakula nacho kina ladha. Kumbe wifi yako ni fundi wa jikoni miaka yote hii, mimi nilikuwa namwaga chumvi tu. Juzi mzee mwenzangu mmoja aliniambia kwamba kila nilipomnyoa ndevu alikuwa akibana pumzi. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba mtu aliyekuwekea wembe kooni haambiwi ananuka.

Sasa lililonishikisha kalamu. Unakumbuka ulivyomwita wifi yako kikaoni, ukamsema mbele ya ukoo mzima kwa kuhama chumba? Nilikwambia amenichoka, ana kiburi. Nilikudanganya, dada. Alinibembeleza mwaka mzima, kifua kinambana, mwisho akasema nichague, yeye au moshi. Nikawasha nyingine mbele yake. Akachukua mto wake, akaenda kulala sebuleni miaka tisa. Na pale kikaoni aliinamisha kichwa tu, hakunianika. Naona aibu kuyaandika haya.

Jumapili nilitoka kuoga nikakuta mto wake kitandani, kando ya wangu. Yeye alikuwa anakunja nguo. Mzee mzima wa miaka sitini na tisa, nililia.

Njoo, dada, na uwaite wote waliokuwepo siku ile. Safari hii nitasema mimi.

Msalimie shemeji na wajukuu. Wifi yako anakusalimu sana; hajui nilichokuandikia.

Mdogo wako,
Aliyekuwa Dohani