Mjomba Kwenye Moto wa Holi

Barking, London

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako sasa linakubali ngazi za kanisa bila kukugombeza. Mimi ni mzima. Kazi ya kutunza wazee inaendelea, na kwaya imenikabidhi nyimbo zote za Pasaka. Barua nimempa Thérèse kwa sababu anakuja Kalemie, na kwa sababu kwenye simu, kila nikitaja jina la Reine, mtandao wako unaharibika ghafla. Karatasi haina mtandao, Mama. Tafadhali usome mpaka mwisho.

Reine amezaa. Ni mtoto wa kike, ana miezi mitano, anaitwa Miska. Sijasahau ulivyosema alipoolewa na Ajay, Mhindi asiye wa kanisa letu: kwamba huna tena binti, na kwamba siku nitakayokanyaga kwao nisikuite mama. Nimekanyaga, na bado nakuita Mama.

Baridi ikianza kulegea huku, kila watu wanatoa sikukuu yao. Mwirani mwenye duka la kona ameotesha ngano kwenye sahani kwa ajili ya mwaka wao mpya. Balwinder, Singasinga wa ghorofa ya chini, ameshapiga pasi kilemba cha rangi ya machungwa, na Vaisakhi yake bado iko mbali. Sisi tuna Pasaka. Wakwe zake Reine wana Holi: jioni wanawasha moto, kesho yake wanapakana rangi mpaka humjui jirani yako.

Sasa, kwao mtoto akifikia Holi yake ya kwanza, huzungushwa kandokando ya moto huo akiwa mikononi mwa mjomba wake, ndugu wa mama yake. Wiki moja kabla, Deepa, mama yake Ajay, alipanda treni kutoka Kenton mpaka kwangu na boksi la peremende. Mama huyu kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Akaniambia kwamba mpwa wake, Keyur, amejitolea kushika nafasi ya mjomba, lakini yeye Deepa amemkatalia, maana mjomba wa mtoto yupo hai na anakaa Barking. Nilimuuliza kama nitatakiwa kuabudu. Akacheka, akasema kuabudu ataabudu yeye, kazi yangu ni kutomwangusha mtoto.

Nilikwenda, Mama. Nilivaa suti ya kwaya. Uwanja ulijaa watu, wanawake wameshika sahani za bisi, tende na nazi za kutupa motoni, na moto ulikuwa haujawashwa kwa sababu basi langu lilichelewa! Deepa alikuwa amewazuia wote, wazee kwa vijana, akiwaambia kwamba mjomba hajafika. Tangu nije nchi hii hakuna mkusanyiko ulionisubiri mimi. Sifichi, nilijivuna. Nilimpokea Miska, nikazunguka naye taratibu mbali kidogo na joto, nikisema Baba Yetu kimoyomoyo, na yeye akinivuta tai bila adabu yoyote. Ana paji la uso lako, pana na kaidi.

Baadaye Deepa aliuliza mbele ya watu upande wa mama umemletea mtoto nini, maana ndiyo desturi, nguo ya sikukuu hutoka kwetu. Nilitoa gauni la kitenge. Nikasema kwa sauti kwamba limetumwa na bibi yake kutoka Kalemie.

Walipiga makofi. Reine alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Alilia mpaka sahani ikamponyoka.

Nilidanganya, Mama. Kitenge nilikinunua hapa Barking, na aliyekishona ni Agathe wa kwaya. Sikuweza kuvumilia watu wale wote wamwone dada yangu kama mtu asiye na kwao. Sasa Deepa amenidai namba yako, nami nimempa. Atakupigia siku ya Pasaka baada ya ibada, akushukuru kwa gauni. Anajua Kiswahili, kwa hiyo hapatakuwa na mtu wa kukutafsiria wala wa kukukinga. Ukimwambia hulijui gauni hilo, utakuwa umesema kweli, na aibu nitaibeba peke yangu. Lakini ukimwambia karibu, basi sikudanganya. Nilikutangulia tu.

Nisalimie baba mdogo na akina mama wote wa kanisa. Reine hajui kwamba nakuandikia. Kila Jumapili anamvalisha Miska gauni lako, na limeanza kumbana kwapani. Ukituma jingine, chukua kipimo cha mtoto wa mwaka mmoja.

Mwanao anayekupenda,
Lambert, mjomba wa Miska